Gayaza, 1905: Shule ya Wake wa Machifu Iliyozaa Walimu wa Taifa

Utangulizi

Mtu anayetoka Kampala kuelekea kaskazini kwa barabara ya Gayaza, baada ya mwendo wa kilomita 16 hivi, hufika mahali ambapo pameandikwa ukurasa mkubwa wa historia ya elimu ya Afrika Mashariki. Hapo ndipo ilipo Shule ya Upili ya Wasichana ya Gayaza, iliyofunguliwa Januari 1905. Kaulimbiu yake kwa Kiswahili tunaweza kuisema hivi: Usikate tamaa kamwe.

Historia ya elimu nchini Uganda kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata shule za wavulana. Huanza na Mengo (1895), ikaja Namilyango (1902), ikafuata Budo (1906), kisha hadithi ikafika kileleni kwa Makerere (1922). Msomaji akiipanga miaka hiyo vizuri ataona jambo ambalo halitajwi sana: Gayaza ni kongwe kuliko Budo kwa mwaka mmoja, na ni kongwe kuliko Makerere kwa miaka 17. Hata hivyo, ukiuliza darasani, wengi watakuambia kwamba wasichana walikuja nyuma.

Makala haya yanalenga kuonyesha mambo mawili. Kwanza, wasichana hawakuchelewa kuanza kusoma. Walichocheleweshewa ni ruhusa ya kuendelea. Pili, shule hii ilianzishwa ili iwatengenezee machifu wa Kikristo wake wanaofaa, lakini kilichotokea kilikwenda mbali zaidi ya nia ya waanzilishi. Ni vyema tukajiuliza kwa nini.

Kusoma kabla ya shule

Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walifika katika kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1877, na mapadri Wakatoliki wakafuata mwaka 1879. Mafundisho ya mwanzo yalitolewa kwa kiasi kikubwa kwa Kiswahili, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukizoesha kasrini. Baadaye Kiganda kilichukua nafasi hiyo, na kufikia mwaka 1896 Biblia nzima ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiganda.

Kuna jambo la kilugha ambalo mwanafunzi wa idara yetu hatakosa kulifurahia. Katika Kiganda kitenzi okusoma kina maana mbili zinazokwenda pamoja: kusoma maandishi na kusali. Mkristo aliitwa omusomi, yaani msomaji. Hili halikuwa fumbo tu. Aliyetaka kubatizwa alitarajiwa kujua kusoma, na sharti hilo halikumbagua mwanamke. Kwa hiyo wanawake wengi wa Buganda walijifunza herufi kanisani, wakiwa watu wazima na wengine wakiwa na watoto mgongoni, kabla hapajakuwa na shule ya bweni ya wasichana. Mlango wa kwanza wa elimu ya wanawake Buganda ulikuwa mlango wa ubatizo.

Mwezi Oktoba 1895 wanawake watano wa CMS waliwasili Mengo. Walikuwa wamesafiri katika msafara wa Askofu Alfred Tucker kutoka pwani ya Mombasa, safari ya miguu ya miezi kadhaa, kwani reli ilikuwa haijafika hata Kisumu; ilifika huko mwaka 1901. Hao ndio waliopanga kazi ya kuwafundisha wanawake na wasichana, na wengine wakafuata nyayo zao.

Kwa nini shule ya bweni?

Ili kuelewa kuzaliwa kwa Gayaza hatuna budi kuutazama Mkataba wa Buganda wa Machi 1900. Mkataba huo uliwapa machifu ardhi ya kumiliki, ile iliyoitwa mailo kwa kuwa ilipimwa kwa maili za mraba. Kwa hiyo palizuka tabaka jipya la machifu Wakristo wenye ardhi, wenye kalamu na wenye nyumba kubwa. Tabaka hilo lilitaka watoto wake wapate elimu ya kulingana na cheo. Kwa upande wao, wamisionari walikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Kanisa lilisisitiza ndoa ya mke mmoja. Je, kijana aliyeelimishwa shuleni akioa mke asiyesoma, nyumba hiyo itadumu kuwa ya Kikristo? Au kijana atarudia desturi ya wake wengi?

Jibu lao lilikuwa shule ya wasichana ya kulala hukohuko, mbali kidogo na mji mkuu. Mwalimu mkuu wa kwanza alikuwa Bi Alfreda Allen. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wasichana wanne tu, mabinti wa machifu. Wavulana wangeandaliwa kuwa viongozi, na wasichana wangeandaliwa kuwa wake wa viongozi. Budo ilipofunguliwa mwaka uliofuata, mizani hiyo ilikamilika.

Tusiwahukumu waanzilishi kwa haraka. Hata Uingereza kwenyewe wakati huo mwanamke hakuwa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge; alianza kuipata mwaka 1918, tena kwa masharti ya umri na mali. Chuo Kikuu cha Oxford kilikuwa hakijawapa wanawake digrii. Kilianza kufanya hivyo mwaka 1920. Waliokuja kufundisha walileta mipaka waliyoizoea kwao. Wao wenyewe, hata hivyo, walikuwa mfano wa jambo tofauti: wanawake wasio na waume, waliovuka bahari, wanaoendesha shule, wanaoweka hesabu na kuamuru wajenzi. Msichana aliyekaa mbele yao alifundishwa somo moja kwa maneno na somo jingine kwa macho.

Jembe na kitabu

Maisha ya Gayaza yalijengwa juu ya nguzo mbili: jembe na kitabu. Asubuhi wasichana walikwenda shambani. Walilima, walipanda, walipalilia, na walipika chakula chao wenyewe. Baada ya hapo yalifuata masomo: Biblia, kusoma, kuandika, hesabu, kuimba, kushona na kazi nyingine za mikono. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiganda.

Kwa nini binti wa chifu alimishwe? Katika mila ya Waganda shamba la migomba ni la mke. Mwanamume hujenga nyumba, huvaa vazi la gome la mti alilolitwanga, huenda vitani na kasrini. Mwanamke ndiye anayeilisha nyumba kwa matoke. Mke asiyejua shamba lake alionekana hajakamilika, hata awe wa ukoo gani. Hofu iliyokuwapo ni kwamba msichana akishika kitabu ataliachia jembe, naye akirudi nyumbani atakuwa mgeni kwa watu wake. Kwa kulima kila siku, Gayaza iliwaambia wazazi: binti yenu harudi akiwa ameharibika.

Hapa lazima tuseme ukweli wote. Jembe lilikuwa na ncha mbili. Kwa upande mmoja lilimfunga msichana katika kazi ileile ambayo mama yake aliifanya, wakati ndugu yake wa kiume alikuwa akisomeshwa kazi za ofisini. Saa za shamba zilikuwa saa zisizotumika kwa masomo. Kwa upande mwingine, jembe ndilo lililoinunua ridhaa ya wazee. Pasipokuwa na shamba, huenda baba wengi wasingekubali kumtoa binti akalale mbali na nyumbani. Zaidi ya hayo, mabinti wa machifu waliokuwa na watumishi nyumbani walijikuta wakilima bega kwa bega na wenzao, bila mtu wa kuwalimia. Desturi hiyo ya shamba ilidumu shuleni kwa miongo mingi, na baadaye ikakua kuwa somo la kilimo lenye heshima yake.

Jambo la tatu ambalo bweni lilileta halikuandikwa katika ratiba yoyote. Wasichana kutoka koo na kaunti mbalimbali waliishi pamoja kwa miaka, katika umri ambao wenzao nyumbani walikuwa wakiolewa. Bweni liliahirisha ndoa. Katika miaka hiyo michache iliyopatikana, msichana alipata marafiki wasio ndugu zake, akazoea kusimamia wadogo na kugawa kazi, na akajua kwamba nyumba inaweza kuendeshwa na wanawake peke yao.

Matunda ya kwanza

Kwa kipimo cha waanzilishi, shule ilifaulu upesi. Septemba 1914 Kabaka Daudi Chwa alimwoa kanisani Namirembe Irene Drusilla Namaganda, binti wa mchungaji na mwanafunzi wa Gayaza. Mwana wao aliyezaliwa mwaka 1924 ndiye aliyekuja kuwa Kabaka Mutesa wa Pili, na baadaye Rais wa kwanza wa Uganda. Shule iliyotaka kutoa wake wa machifu ilikuwa, ndani ya miaka tisa, imetoa mke wa Kabaka.

Lakini matunda mengine yalikuwa yakiiva pembeni. Mwaka 1919 Katharine Cook, muuguzi na mke wa Daktari Albert Cook wa Hospitali ya Mengo, alianzisha mafunzo ya wakunga. Mkunga alihitaji kusoma maelekezo, kupima na kuandika kumbukumbu. Wangetoka wapi wasichana wa namna hiyo isipokuwa katika shule za misheni? Vivyo hivyo kila shule mpya ya wasichana ilihitaji walimu wa kike. Polepole msichana aliyesoma alianza kuwa na kazi ya mshahara nje ya nyumba ya mume, jambo ambalo halikuwa katika hesabu za mwaka 1905.

Serikali ya kikoloni yenyewe ilikawia. Idara ya Elimu iliundwa mwaka 1925, mwaka mmoja baada ya Tume ya Phelps-Stokes kuitembelea Uganda, ikiwa na msomi mashuhuri wa Afrika Magharibi, James Aggrey, miongoni mwa wajumbe wake. Kwa miaka 20 ya kwanza, basi, elimu ya wasichana ilibebwa na makanisa na wazazi. Upande wa Wakatoliki tunamkumbuka Mama Kevin, mtawa wa Kifransisko aliyefika Nsambya mwaka 1903, ambaye kazi yake ndefu ilizaa pia Chuo cha Mlima Mtakatifu Maria, Namagunga, mwaka 1942.

Lango la Makerere

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wavulana 14. Kaulimbiu yake ya mwanzo ilikuwa na maana ya "Tuwe wanaume". Hapo ndipo lile tulilolisema mwanzoni linapodhihirika. Gayaza ilikuwa na miaka 17 ya uzoefu wa kuwasomesha wasichana, lakini ngazi iliyojengwa juu yake haikuwa na kipago cha kumfikisha msichana chuoni. Budo ilianza kuwapokea wasichana katika miaka ya 1930. Mke wa Askofu Cyril Stuart, Bi Mary Stuart, alikuwa miongoni mwa waliopigania kwa bidii mwanamke aingie Makerere, na ndiyo maana bweni la wanawake la chuo hicho lina jina lake hadi leo.

Mwaka 1945 wanawake sita waliingia Makerere. Kaulimbiu ya zamani haikuweza kuendelea. Ikaja ile ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Kutoka wasichana wanne wa 1905 hadi wanawake sita wa 1945 ni miaka 40.

Mwaka huohuo ulikuwa mwaka wa damu. Tarehe 5 Septemba 1945 Katikiro wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, aliuawa kwa kupigwa risasi Namirembe, mara baada ya baraza la Buganda kupitisha sheria iliyowezesha ardhi kuchukuliwa kwa manufaa ya umma, ikiwemo ardhi ya kupanulia Makerere. Binti yake, Rhoda, aliyekuwa amesoma Gayaza na Budo, alikuwa na umri wa miaka 16. Huyo ndiye Rhoda Kalema ambaye baadaye aliingia katika baraza la muda la kutunga sheria lililofuata kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, kisha katika Bunge la Katiba mwaka 1994, hata akaitwa mama wa Bunge la Uganda.

Mshahara uliokataliwa

Kama tukio moja linaonyesha jinsi shule hii ilivyovuka nia ya waanzilishi wake, basi ni lile la Sarah Nyendwoha, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kama Sarah Ntiro. Alizaliwa Hoima, Bunyoro, mwaka 1926, akasoma Duhaga, Budo na Makerere. Makerere alitaka kusoma hisabati, lakini mwalimu wa somo hilo hakutaka mwanamke darasani mwake, naye akageukia masomo mengine. Mwaka 1954 alihitimu digrii ya historia Oxford, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufikia hatua hiyo.

Aliporudi alifundisha Gayaza. Akagundua kwamba mwanamke mwenye digrii alipangiwa mshahara mdogo kuliko mwanamume mwenye digrii ileile. Hakugoma, wala hakuacha kazi. Aliukataa mshahara na kuendelea kufundisha bila malipo, hadi wakubwa wa serikali walipolazimika kulitazama suala lake. Msomaji apime mwenyewe uzito wa kitendo hicho. Mtu anayegoma huambiwa kwamba hafanyi kazi. Huyu alifanya kazi yote na kuwaachia wenye madaraka aibu yote.

Mwaka 1958 aliolewa na mchoraji Sam Ntiro, Mchaga aliyekuwa akifundisha Makerere, ambaye baadaye aliiwakilisha Tanganyika kama balozi wake wa kwanza mjini London. Sarah aliingia pia katika Baraza la Kutunga Sheria mwishoni mwa miaka ya 1950. Naye Joyce Mpanga, mwanafunzi wa Gayaza aliyerudi kuwa naibu wa mwalimu mkuu shuleni hapo, alikuwa Waziri wa Wanawake na Maendeleo mwaka 1988.

Lugha ya bweni na lugha ya kambi

Kwa kuwa jarida hili ni la walimu na wanafunzi wa Kiswahili, hatuwezi kufunga bila kugusa lugha. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Maaskofu walipinga, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa, mume wa yule binti wa Gayaza, aliandika kukikataa katika Buganda. Kiswahili kikabaki kwa askari, polisi, wafanyakazi wa reli na wachuuzi.

Kwa mtazamo wetu, athari ya jambo hilo kwa wasichana haijatafitiwa vya kutosha. Mvulana aliyekosa Kiswahili shuleni aliweza kukiokota kazini, kambini au safarini. Msichana wa bweni hakuwa na mahali pa kukiokota. Alisoma Kiganda, baadaye Kiingereza, na Kiswahili akakisikia kama sauti ya watu wenye bunduki. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto. Tunapolalamika leo kwamba Waganda wanakichukia Kiswahili, tukumbuke kwamba lugha hiyo haikupewa nafasi mahali ambapo akina mama walilelewa. Tangu mwaka 2005 Kiswahili kimewekwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kama historia ya Gayaza ina funzo, ni kwamba uamuzi huo utashinda au kushindwa katika madarasa ya wasichana na katika vyuo vya walimu wa kike.

Hitimisho

Gayaza ya mwanzo haikuwa shule ya wote. Ilikuwa ya mabinti wa wakubwa, na binti wa mpangaji aliyelima katika ardhi ya chifu huyohuyo hakuwa na nafasi humo. Upungufu huo hatuna sababu ya kuuficha. Lakini waliopewa nafasi hiyo ndogo waliipanua. Walipewa kusoma ili wawe wake, wakawa pia wakunga, walimu, wabunge na mawaziri. Msichana aliyefundishwa kusoma Injili aliweza pia kusoma mkataba wa ajira na kuona kwamba hauko sawa. Mwenye kumpa mtu kitabu hawezi kumchagulia sentensi ya kuishia.

Tunawahimiza wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada za tasnifu walitazame suala hili kwa karibu. Sarah Ntiro alifariki mwaka 2018 na Joyce Mpanga mwaka 2023. Waliosoma katika mabweni ya wakati huo wanazidi kupungua, na wengi hawakuandika kumbukumbu zao. Bibi aliyesoma shule ya bweni kabla ya uhuru huenda yupo nyumbani kwenu au kwa jirani. Mwendeeni na daftari, mmwamkie, mumwombe asimulie kuhusu shamba, kuhusu bweni, na kuhusu siku aliyoambiwa kwamba masomo yake yamefika mwisho. Kisha muulizeni ni nani aliyeamua hivyo.